Shule Yetu na Mitaala Yake: Tulikotoka, na Mzigo wa Mwaka 2027



Kila mwaka kijarida hiki cha harambee hubeba habari moja ya historia. Tumekwisha kuandika juu ya barabara, zahanati na mradi wa maji. Mwaka huu tuliagizwa tuandike historia ya shule ya msingi, na wengi walitegemea tuhesabu madarasa: lipi lilijengwa lini, nani alitoa mabati, nani aliahidi saruji hadi leo hajaileta. Hayo tutayagusa kidogo tu. Tumeona ni afadhali tuandike juu ya jambo lisilopigwa picha siku ya harambee, yaani kile kilichofundishwa ndani ya madarasa hayo, nani alikipanga, na mwalimu alikiandaa vipi kabla ya kuingia darasani na chaki mkononi. Tunayo sababu ya kuliandika hilo mwaka huu hasa, na tutaifikia.

Elimu ya vitabu ilipanda milima ya Upare pamoja na misheni. Walutheri wa Leipzig walifungua kituo Shigatini mwaka 1900, na Waadventista Wasabato wakafungua chao Mamba, pale Giti, mwaka 1903. Mtaala wa siku hizo ulielezeka kwa pumzi moja: kusoma ili mtu aweze kusoma maandiko, kuandika, hesabu kidogo, nyimbo, na kazi za mikono. Mwalimu ndiye aliyekuwa mwinjilisti, na mpango wake wa wiki ulifuata kengele ya kanisa. Wazee wetu waliandika kwa kijiti juu ya kibao, wakafuta, wakaandika tena, na ndiyo maana hakuna daftari hata moja la kizazi kile lililotufikia.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, serikali ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali kufuata muhtasari wake na kukaguliwa. Hapo ndipo mkaguzi alipoingia katika masimulizi ya kijiji. Kisha ukaja mgawanyo ambao wazee wanaukumbuka vizuri: darasa la kwanza hadi la nne katika shule ya chini, na la tano hadi la nane katika shule ya kati. Kati ya hizo mbili ulisimama mtihani wa darasa la nne, na waliopita walikuwa wachache. Ukimuuliza mzee aliyezaliwa miaka ya 1940 alisoma hadi wapi, jibu lake huwa moja kati ya mawili, "la nne" au "la nane". Jibu hilo moja linakuambia pia kama alijifunza Kiingereza cha kutosha kuandika barua ya kuomba kazi, kwa kuwa madarasa ya chini yalifundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza kilishika nafasi huko juu.

Wakati huo nchi ilikuwa na shule za Waafrika, za Waasia na za Wazungu, kila moja na mpango wake. Za Waafrika ziliwekewa kilimo kwa wingi, hasa katika shule za kati za miaka ya 1950. Wazazi wengi hawakukipenda. Hoja yao, kama tulivyoisikia kwa babu zetu, ilikuwa nyepesi: jembe tunalo nyumbani, mtoto tumempeleka shule akapate kisichokuwepo nyumbani. Hawakuwa watu wa kuburuzwa. Kizazi hicho ndicho kilichokusanyika Same mwaka 1945 kuipinga mbiru, ile kodi iliyokadiriwa juu ya mali ya kila mtu, na hakikuondoka upesi. Hata hivyo walipoitwa kwenye msaragambo wa shule walikuja, wakabeba mawe kutoka korongoni. Chumba cha kwanza cha mawe, ambacho sasa ni stoo ya majembe, ni kazi ya mikono yao.

Baada ya Uhuru shule zilizogawanywa kwa rangi ziliunganishwa, nchi ikaanza kutunga mtaala wake. Mwaka tunaopenda kuurudia ni 1967. Mwezi Machi Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huohuo ikaamuliwa Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule yote ya msingi. Darasa la nane likaondolewa, likabaki la saba, na mtihani wa darasa la nne nao baadaye ukaacha kuwa mlango wa kumfukuza mtoto. Nyerere alitaka elimu ya msingi ikamilike yenyewe, imfae hata yule asiyekwenda sekondari, ambaye ndiye aliyekuwa wengi. Alitaka pia shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba hilo na kuamua matumizi ya mapato yake.

Hapa inabidi tuseme kweli, maana wengi wetu tulipita katika shamba hilo. Kahawa ya shule tuliipalilia. Samadi tuliibeba kwenye vikapu kila Ijumaa, na asiyekuja na kikapu alijua kitakachompata. Kupanga na kuamua, hapana. Hatukuwahi kuulizwa kilo ngapi zilivunwa wala fedha zilikwenda wapi, wala hakuna mwalimu wa hesabu aliyetupa kilo zile tuzifanyie hesabu. Shamba lilikuwa upande mmoja wa uwanja na darasa upande mwingine, na baina yao palikuwa na mchakamchaka. Kwa maoni yetu wazo lilikuwa jema kuliko utekelezaji. Lilikuja shuleni kama agizo la kazi, likakosa mtu wa kuligeuza kuwa somo.

Mtu huyo tulimpata baadaye, naye alikuwa mwalimu wa UPE. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Watoto walikuja, walimu hawakuwepo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wakafundishwa kazi wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mafunzo ya kukutana ana kwa ana, asubuhi wakifundisha na jioni wakijifunza. Watani wakazisoma herufi UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu", na sisi tulicheka pamoja nao. Leo hatucheki sana. Walimu hao ndio waliotufundisha kusoma, nanyi mnaosoma ukurasa huu wengi wenu ni kazi yao.

Mmoja wao, dada wa watu aliyekuja kwetu kutoka tarafa nyingine, alitufundisha ujazo katikati ya miaka ya 1980. Kitabu kilisema tangi la maji lenye umbo la mstatili. Hakuna kati yetu aliyewahi kuliona tangi la namna hiyo. Akatushusha hadi kwenye ndiva, siku ambayo zamu ya maji ilikuwa bado kufunguliwa, akiwa na kamba aliyoifunga vifundo kila mita moja. Tukapata urefu mita 20 na upana mita 12. Kijana mmoja mrefu akaingia majini na fimbo tukapata kina, mita moja na nusu. Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono: "Lakini mwalimu, upande ule umepinda." Akamjibu, "Umepinda kweli. Leo tuseme umenyooka, kesho utatuambia tumekosea kwa kiasi gani." Tukazidisha tukapata mita za ujazo 360, yaani lita 360,000, yaani ndoo 18,000 za lita ishirini. Tulirudi nyumbani tukiwaambia baba zetu idadi ya ndoo zilizomo ndani ya ndiva, nao walistaajabu, kwa sababu wao waliyagawa maji hayo kwa saa na kwa ukoo, si kwa ndoo.

Miaka mingi baadaye, alipostaafu, tulimtembelea tukamkumbusha kipindi kile. Alisema hakikuwa cha ghafla. Alikuwa amekiandika katika azimio lake la kazi tangu Januari, na alikuwa amekisogeza mbele wiki tatu kwa kuwa alijua masika ikianza njia ya kwenda ndiva inateleza na nusu ya darasa ingekuwa shambani inapanda.

Tutulie kidogo hapo, maana watu wengi wa nje ya ualimu hawajui azimio la kazi ni nini, na bila kulijua huwezi kujua shule inaishi vipi. Mtaala wa taifa unatungwa mbali. Tangu mwaka 1975 kazi hiyo ilikuwa ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ambayo tangu 1993 inaitwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na vitabu vyake vya Tujifunze Lugha Yetu vilibebwa na vizazi kadhaa vya watoto wetu. Kutoka katika mtaala unatoka muhtasari wa kila somo, unaosema mtoto wa darasa fulani aweze nini ifikapo mwisho wa mwaka. Ukifika shuleni, muhtasari haujui kwamba huku kuna vuli na masika, haujui siku ya soko, haujui kwamba tangawizi ikivunwa darasa linabaki nusu. Mwalimu ndiye anayejua. Anachukua muhtasari, kalenda ya shule na ratiba, anahesabu wiki, anahesabu vipindi (dakika 30 kwa darasa la kwanza na la pili, dakika 40 kwa wakubwa), anatoa siku za mitihani na sikukuu, kisha anagawa mada: mwezi huu, wiki hii, vipindi kadhaa, kwa zana fulani na kitabu fulani. Hilo ndilo azimio la kazi. Mwalimu wa taaluma analipitia, mwalimu mkuu anatia saini.

Kutoka kwenye azimio anaandika andalio la somo kwa kila kipindi: ataanza na nini ambacho watoto wanakijua tayari, ataingiza vipi jambo jipya, ataliimarisha kwa zoezi gani, na atapima vipi kama wameelewa. Baada ya hapo kuna shajara ya somo, anapoandika kilichofundishwa kweli, ambacho mara nyingi si kile kilichoandaliwa. Anayetaka kujua historia ya shule asome shajara. Katika kabati la shule yetu tulikuta chache tu zilizosalimika mchwa. Moja, ya hesabu, inasema mara tatu mfululizo katika sehemu ya maoni: "Mada irudiwe, watoto 31 hawakuelewa." Mara ya nne inasema: "Mada imeeleweka, tuendelee." Hakuna jiwe la msingi lililoandikwa jina la mwalimu huyo.

Darasa la saba lina hesabu yake peke yake. Mtihani wa kumaliza unafanyika Septemba, kwa hiyo azimio la mwaka mzima linapaswa kwisha kabla, na wiki kadhaa zibaki za marudio. Wiki moja ya mvua kubwa ni wiki moja ya mada iliyokosekana, na hairudi.

Miaka ya 1990 tutaipita haraka. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na somo la Siasa likaiachia nafasi Uraia. Mwishoni mwa miaka hiyo Historia, Jiografia na Uraia viliunganishwa vikawa Maarifa ya Jamii. Mtaala wa 2005 ukavitenganisha tena, ukaongeza na TEHAMA. Somo hilo shuleni kwetu lilifundishwa kwa kompyuta iliyochorwa ubaoni, na mwalimu aliyeichora naye alikuwa ameiona mara moja, benki. Kisha katika mabadiliko yaliyoanza mwaka 2015 Maarifa ya Jamii yakarudi. Historia na Jiografia zimeoana na kuachana mara mbili mbele ya macho yetu, na kila mara mwalimu ametupa maazimio yake ya zamani akaanza upya. Hatusemi mabadiliko ni mabaya. Tunasema yana gharama, na gharama hiyo hulipwa usiku, kwa taa ya mwalimu.

Katikati ya mabadiliko hayo kulikuwa na tukio lililotuuma. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia 2002 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Huo ulikuwa wakati wa fahari kwa chama chetu. Serikali ilileta fedha za vyumba, wananchi wakasomba mchanga na maji kwa msaragambo, sisi wa mjini tukachanga madawati na tukaja na mabasi mawili siku ya kuyakabidhi. Picha zile zimo katika vijarida vya miaka hiyo. Miaka kumi baadaye, mwaka 2012, nchi nzima ikasikia kwamba miongoni mwa waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza wamo maelfu wasiojua kusoma na kuandika. Tuliporudi nyumbani likizo ya Desemba, kila mmoja kimyakimya alimpa mtoto wa ndugu yake gazeti asome. Baadhi yetu hatukupenda tulichokisikia. Watoto walikuwa wameketi juu ya madawati yetu kwa miaka saba.

Mwaka huohuo mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebadilishwa ukawa wa kuchagua majibu hadi kwenye Hisabati, na fomu zake kusahihishwa kwa mashine, jambo lililowapa watu maneno ya kusema. Lakini tatizo lilikuwa limeanza chini kabisa, darasa la kwanza na la pili, ambako mtoto mmoja alikuwa akibebeshwa masomo mengi kabla ya kujua kuunganisha silabi, ndani ya chumba chenye watoto wengi kuliko mwalimu awezavyo kuwasikiliza wakisoma mmoja mmoja. Kuanzia mwaka 2015 mtaala wa madarasa hayo mawili ulipunguzwa ukajikita katika KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Tunaliona hilo kuwa jambo jema kuliko yote yaliyofanyika katika elimu ya msingi katika umri wetu. Shuleni kwetu mwalimu mmoja mwenye subira aliachiwa darasa la kwanza mwaka hadi mwaka badala ya kuhamishwa juu, na tofauti inasikika: ukipita dirishani unasikia sauti za herufi, ba, be, bi, bo, bu, na mtoto anayekosea anarudishwa pale alipokosea.

Sasa tumefika kwenye sababu ya makala hii.

Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023, ikaja na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, kwa kuanzia na elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu kwa upande wa msingi. Elimu ya msingi sasa ni ya miaka sita badala ya saba. Maarifa ya Jamii yameondoka kwa mara nyingine. Ipo Jiografia na Mazingira, na ipo Historia ya Tanzania na Maadili. Azimio la kazi nalo lina safu mpya: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za kujifunza. Mwalimu hatakiwi tena kuandika atakachosema yeye tu. Anatakiwa aandike mtoto atafanya nini ili ionekane kwamba ameweza. Dada yetu wa ndiva angecheka akisikia kwamba hilo ni jipya.

Hesabuni pamoja nasi. Mtoto aliyeingia darasa la tatu mwaka 2024 anafuata mtaala mpya, na mwaka huu wa 2026 yuko darasa la tano. Kaka yake aliyekuwa darasa la nne mwaka ule anamalizia mtaala wa zamani, na mwaka huu yuko darasa la sita. Mwakani, 2027, mdogo atakuwa la sita na kaka yake la saba, na wote wawili watamaliza shule ya msingi mwaka mmoja. Januari 2028 watagonga mlango wa kidato cha kwanza pamoja. Katika nyumba nyingi za huku hii si hadithi ya kubuni, ni ndugu wa tumbo moja, na mzazi atanunua sare mbili kwa mkupuo.

Ndani ya shule maana yake ni hii. Mwaka huu mwalimu yuleyule anaingia darasa la tano na Historia ya Tanzania na Maadili kwa muhtasari mpya, anatoka, anavuka uwanja, anaingia darasa la sita na Maarifa ya Jamii kwa muhtasari wa zamani. Maazimio mawili, maandalio ya namna mbili, vitabu vya namna mbili, na vile vya zamani vinachakaa wakati hakuna sababu ya mtu kuvichapa tena. Mwakani madarasa mawili yatakuwa ya mtihani kwa wakati mmoja, kwa walimu walewale. Na watoto wa mtaala mpya wana miaka sita, hawana ule mwaka wa saba ambao zamani ulituokoa tuliochelewa kuamka.

Mwezi Machi watatu kati yetu tulikaa shuleni siku mbili. Tuliwakuta walimu wakiandaa masomo chini ya mwembe kwa sababu chumba chao ndicho kilichogeuzwa darasa. Mvua ikianza wanahamia barazani, daftari zikiwa chini ya kanga. Mihtasari na vitabu vya kiada vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi, na walimu walipewa vishikwambi vile vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022, lakini mtandao wetu mnaujua: unapatikana ukisimama juu ya lile jiwe karibu na nyumba ya mwalimu mkuu. Anayetaka nakala ya karatasi anateremka hadi Same kwa nauli yake, anadurufu kwa fedha yake. Walimu wanatakiwa pia kukutana mara kwa mara katika jumuiya yao ya kujifunza, wafundishane mada ngumu za mtaala mpya. Wanakutana, wamesimama.

Tulimwuliza mwalimu wa taaluma anahitaji nini. Tulitegemea aseme madarasa. Akafikiri, akasema: "Meza. Meza ndefu moja, na kabati lenye kufuli."

Tangu MMEM chama chetu kimejenga vyumba, vyoo, na jukwaa la mahafali. Hatuvidharau, bila mawe ya babu zetu tusingekuwa na pa kukaa. Lakini tumepitia vijarida vya miaka ishirini iliyopita tukitafuta mahali tulipochangia maandalizi ya mwalimu, yaani kitabu chake, meza yake, karatasi yake, hatukuona hata shilingi. Mwaka jana katika kikao cha Dar es Salaam ilitolewa hoja kwamba harambee ya mwaka huu ijenge geti la shule lenye jina la chama. Wanaoliunga mkono geti ni ndugu zetu, nasi tunawaheshimu. Tunawaomba waliache lisubiri hadi 2028.

Kamati inapendekeza hivi, na mchanganuo wa gharama uko katika kurasa za nyuma. Kwanza kabisa, chumba cha walimu chenye meza, viti na rafu zinazofungwa, kijengwe kwa mawe ya korongoni na msaragambo utakaotangazwa na serikali ya kijiji mara mvua zitakapokatika, ili kiwe tayari walimu watakapokaa kuandika maazimio ya Januari 2027. Umeme umefika nguzo ya kanisani, kwa hiyo mashine ya kuchapa na kudurufu haitakuwa pambo. Vitabu vya kiada vya darasa la tano na la sita viongezwe vifike angalau kitabu kimoja kwa watoto wawili. Na kwa mwaka 2027 tu, uji wa mchana kwa madarasa yote mawili ya mtihani. Mahindi yatatoka nyumbani, sukari na mafuta ya kupikia tunawaachia ninyi wa mjini.

Kuna ombi jingine lisilo la fedha. Zile shajara chache tulizozitaja ndizo pekee zilizobaki. Kama marehemu baba, mama au shangazi yako alifundisha shule yetu na daftari zake bado zimo ndani ya sanduku, usizichome wakati wa kusafisha nyumba. Njoo nazo siku ya harambee umkabidhi mhazini, atakuandikia stakabadhi kama ya mchango mwingine wowote, na rafu ya kwanza ya kabati jipya itakuwa yake.